Kifaa cha Kumi na Nane

TANGAZO KWA WANANYUMBA WOTE. Kuanzia leo, Alhamisi, tarehe ishirini na moja Machi, mtandao wa kompyuta wa nyumba ya Gilfillan, pamoja na kibanda chake cha shira, pampu zake zote na kamera yake ya kutazamia ndege, uko chini ya ulinzi usiovunjika. Mwizi yeyote wa mtandaoni, awe wa hapa Vermont au wa ng'ambo, anashauriwa kutafuta kazi nyingine. Limetolewa kwa mkono wangu, Tirzah Gilfillan, Mkuu wa Ulinzi.

Nililibandika kwenye mlango wa friji kabla ya kifungua kinywa. Nilipotoka kuoga nikakuta mtu ameongeza kwa penseli chini ya jina langu: mayai, siagi, achali ya matango mitungi sita. Na mkuu wa ulinzi aoshe vyombo.

Hiyo ndiyo heshima ninayopewa nyumbani.

Nina miaka kumi na sita. Baba ni baharia wa serikali kule Alaska na mama yuko naye, kwa hiyo mimi nasoma shule ya bweni na likizo zangu zote nazimalizia kwa Babu Orrin. Elimu yangu ya kompyuta sikuipata darasani. Mwaka jana niliifanya kengele ya shule nzima iwike kama jogoo katikati ya mtihani wa hesabu. Bwana Pellerin, fundi wa mitambo ya shule, alinikamata siku hiyo hiyo, na adhabu ikawa kumsaidia kazi kila Jumamosi kwa muhula mzima. Wenzangu walinionea huruma. Mimi nilitoka kwenye chumba chake nikijua namna mtandao unavyofungwa, na kwa hiyo namna unavyofunguliwa, jambo ambalo sidhani mwalimu mkuu alilikusudia.

Sasa, kwa nini nyumba ya wachemsha shira ihitaji mkuu wa ulinzi? Babu ana miti ya meple elfu nne mlimani. Utomvu wake, ambao huchemshwa mpaka ukawa shira, hushuka kwa mirija ya plastiki, ukivutwa na pampu, na kila mrija mkubwa una kidude cha kupimia kinachopeleka habari kwenye skrini ya kibandani na kwenye simu ya Shangazi Verna. Kindi akitoboa mrija, Shangazi anajua kabla kindi hajameza. Zamani Babu alikuwa akipanda mlima mwenyewe, theluji magotini, kutafuta tundu lilipo. Siku hizi nyonga yake moja ni ya chuma na daktari amempiga marufuku mlimani.

Machi ya mwaka jana wadukuzi waliingia kwa jirani yetu, Mzee Royce Corliss, wakazifunga pampu zake siku mbili. Zilikuwa siku mbili bora za msimu mzima. Utomvu ukamwagika chini ya miti na Mzee Royce hakuwa na la kufanya. Babu alikwenda kumpa pole, akamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia mkononi. Aliporudi alitoa hukumu yake. Kampuni moja kubwa ya shira ilikuwa imemletea karatasi, wanataka kuukodi mlima kwa miaka ishirini. Akaiweka kwenye droo ya jikoni, na kalamu juu yake. Siku wezi hao watakapougusa mtandao wetu hata kwa ncha ya kidole, alisema, atatia sahihi.

Shangazi Verna, dada mkubwa wa baba, aliacha ukarani wa mahakama kwa ajili ya mlima ule. Vidude vyote vile ni wazo lake. Ameutamani mlima tangu akiwa mdogo kuliko mimi, na mlima ukienda kwa kampuni kwa miaka ishirini, atakapoupata atakuwa na nyonga kama ya Babu. Alinieleza yote hayo garini Jumapili, akinitoa stendi ya basi, macho kwenye barabara ya matope. Alisema amesoma maelezo yote aliyoweza kuyapata lakini hajiamini. Nikamwambia aniachie wiki moja. Nilisema kwa sauti ya daktari wa upasuaji.

Jumatatu asubuhi nilianza ukaguzi, na kosa la kwanza sikulitafuta. Lilikuwa ukutani.

Kila familia inayochemsha shira huku kwetu ina ukuta wake. Ukuta wa kibanda chetu umeandikwa kwa penseli tangu mwaka 1891: siku ya kwanza ya kuchemsha, galoni zilizopatikana, mtoto aliyezaliwa msimu huo, ng'ombe aliyekufa, mwaka ambao theluji ilifika dirishani. Jambo lisiloandikwa pale halijatokea. Watoto wa nyumba hii hukua wakiomba waandikwe, na asiyezaliwa ndani ya msimu haandikwi mpaka amefanya jambo kibandani. Mimi nilikuwa sijaandikwa bado, na hilo lilinikera kuliko nilivyokubali.

Sasa pale ukutani, kati ya galoni za mwaka 1987 na kifo cha mbwa anayeitwa Duchess, Babu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa nywila ya waifai. Na kila mwisho wa Machi tunafungua kibanda kwa umma. Watu mia mbili husimama mbele ya ukuta ule, donati mkononi, wakiusoma mstari kwa mstari na kuupiga picha.

Nilimweleza Babu kwamba ameutangaza ufunguo wa nyumba yake kwa jimbo zima. Akanijibu kwamba katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeuiba ukuta.

Basi nikafanya kazi, na nitaisema kwa sababu hakuna mwingine atakayeisema. Nilibadilisha nywila zote, na ile ya ruta yenyewe, kisanduku kinachogawa mtandao, ambayo ilikuwa bado ile ile iliyotoka nayo dukani. Niliisasisha ruta, ilikuwa haijasasishwa tangu inunuliwe. Niliigawa nyumba mitandao mitatu: mmoja wa nyumbani, mmoja wa wageni wanaokuja kula donati, na mmoja wa pampu peke yake, usioongea na mwingine, na nywila yake tukaijua mimi na Shangazi tu. Akaunti ya pampu nikaitaka ithibitishe mara mbili kabla ya kumfungulia mtu. Kamera ya zamani ya zizi la ndama, iliyokuwa ikitangaza ndama kwa ulimwengu mzima bila kificho, niliing'oa. Nikahifadhi nakala ya kila kitu kwenye diski ambayo Shangazi aliifungia kabatini. Mwisho nikaiagiza ruta imtumie Shangazi taarifa kila jioni: kifaa gani kimeingia, saa ngapi, mtandao upi, na nani kutoka nje amebisha akafukuzwa. Shangazi alikaa nami siku zote nne na daftari lake la mahakamani, akiuliza kila kitu mara tatu, mpaka nikajisikia Bwana Pellerin.

Babu alikuwa na sharti lake moja. Alitaka kila kifaa kilichoruhusiwa kuingia kwenye mtandao kiandikwe ukutani. Nilicheka. Nikamweleza kwa upole, kama unavyomweleza mtoto, kwamba ruta ina orodha yake yenyewe.

"Ruta yako ikiungua, orodha itakaa wapi, Profesa?" akaniuliza.

Akachonga penseli yake kwa kisu, akanifanya nimtajie kimoja kimoja. Simu ya Verna. Simu ya Orrin. Kompyuta ya jikoni. Printa. Kamera ya ndege. Skrini ya kibandani. Vipimo vya mirija, mmoja mmoja. Vilifika kumi na saba, akapiga mstari chini yake na kuandika jumla, kama anavyofanya kwa galoni. Kisha akavuta mistari mitatu juu ya ile nywila ya zamani. Alifanya hivyo taratibu sana, na nikaona amehuzunika, kwa sababu hajawahi kufuta kitu kwenye ukuta ule.

Printa ile naomba uikumbuke. Wakati wa Krismasi ilijiwasha yenyewe na kutoa barua kutoka Chama cha Kindi wa Wilaya, wakilalamika kwa heshima na taadhima juu ya ladha mbaya ya mirija ya plastiki. Babu aliisoma mara mbili, akaibandika juu ya tangi la utomvu, na tangu hapo huwaonyesha wageni. Hakuna aliyewahi kujua ilitoka wapi.

Jumamosi watu walikuja kama kawaida. Magari yalijaa mpaka barabarani. Shangazi alichemsha shira mpaka ikawa nzito, akaimwaga juu ya theluji safi, nayo inaganda kama utepe, unaikunja kwa uma, unakula na donati, kisha unauma achali ili ulimi upate nguvu ya kuanza upya. Watoto walikuwa wananata mpaka masikioni. Mzee Royce alikuja na kofia yake ile ile. Alisimama chini ya skrini ya kibandani akizitazama namba za pampu zetu, zote za kijani, na nilimsikia akimwambia Babu kwamba laiti angekuwa na mjukuu mwenye akili kama hizo. Babu akamjibu kwamba anaweza kunichukua, na ndama atamwongezea bure.

Saa nane kasoro dakika kumi nilikwenda chooni. Nalitaja hilo kwa sababu baadaye litaulizwa.

Saa nane kamili skrini ikageuka nyekundu. Namba zikapotea, yakatokea maandishi makubwa: PAMPU ZENU ZIKO MIKONONI MWETU. Ukawa unasikia shira ikitokota. Mzee Royce alishika ukingo wa tangi kwa mikono miwili. Shangazi alikuwa ameinua sufuria ya shira ya moto, akabaki nayo hewani.

Nikajitokeza. Niliwaomba watu wasogee. Nikakaa kwenye kibodi ya skrini ile, nikavuta mikono ya sweta, nikaandika kwa kasi ambayo haikuwa na ulazima. Dakika nne. Kisha namba zikarudi, za kijani, moja baada ya moja, na watu wakapiga makofi mpaka donati zikaanguka. Mzee Royce alinikumbatia, na shavu lake lilikuwa na unyevu. Nikatoa hotuba fupi. Nilisema tumeshambuliwa na tumesimama. Nilisema mlima huu una walinzi. Sijawahi kuwa mrefu kama nilivyokuwa siku ile, na nilitupia jicho ukuta, nikatafuta kwa macho sehemu tupu ya kuandikwa.

Shangazi aliniuliza, kwa sauti ya chini, imekuwaje pampu zenyewe hazikusimama hata sekunde moja. Nikamwambia nimewawahi.

Babu hakupiga makofi. Alivaa kofia, akachukua fimbo, akaenda nyumbani polepole. Nilimfuata nikitegemea sifa za faragha. Nilimkuta jikoni, droo iko wazi, karatasi ya kampuni mezani.

"Babu, tumewafukuza," nikasema.

"Umewafukuza wewe," akasema. "Na umefanya kazi nzuri, sijaona mtu wa umri wako akitulia vile. Lakini Jumatatu unarudi shuleni. Wakija Jumanne, atawafukuza nani?"

Akampigia simu mtu wa kampuni, akamwambia aje kesho saa tano.

Jioni ile nilitoa hoja zote nilizonazo. Nilisema pengine hawatarudi. Nilisema pengine ilikuwa hitilafu tu ya skrini. Babu alinisikiliza kwa adabu, na kila hoja ilizidi kumfanya awe na hakika. Shangazi Verna aliosha sufuria zote peke yake, akazipanga, kisha akaziosha tena. Hakunilaumu. Alinishukuru kwa wiki nzima ya kazi, na ile asante nilikwenda nayo kitandani kama jiwe ndani ya kiatu.

Jumapili saa tatu asubuhi Babu alituita wote wawili kibandani. Moto ulikuwa unawaka chini ya sinia la kuchemshia. Alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya ukuta, penseli nyuma ya sikio, na karatasi mbili mapajani. Moja ilikuwa ya kampuni. Ya pili ilikuwa imetoka kwenye printa.

Akanipa ile ya pili. Akasema nimsomee, macho yake mabovu. Babu ana macho yanayoona kindi ng'ambo ya bonde.

Ilikuwa taarifa ya ruta ya jana. Ile ile niliyoiagiza mimi. Nikaanza kusoma: simu ya Verna, simu ya Orrin, kompyuta ya jikoni. Kila nilipotaja kimoja, alikigusa ukutani kwa fimbo. Nilifika kipimo cha mrija wa mwisho, nikaikunja karatasi.

"Endelea," akasema.

"Imekwisha, Babu. Kumi na saba."

"Verna, imekwisha?"

"Kuna mstari mmoja, Baba," alisema Shangazi. "Upo chini ya kidole gumba chake."

Nikatoa kidole. Kifaa cha kumi na nane, kisicho na jina. Kimeingia mtandao wa pampu saa nane kasoro dakika nane. Kimetoka saa nane na dakika sita.

"Mimi sijui kompyuta," alisema Babu. "Kuhesabu najua. Ukuta unasema kumi na saba, karatasi inasema kumi na nane. Verna ameukuta mstari huo leo alfajiri, akiwa peke yake, na ameniambia hakuna anayeingia kwenye mtandao wa pampu bila nywila yake. Nywila hiyo inajulikana na watu wawili. Mmoja, wakati huo, alikuwa na sufuria ya moto mikononi na watu mia mbili wakimtazama." Akanigeukia. "Mwingine alikuwa wapi?"

"Chooni," nikasema.

"Na kompyuta yako ndogo ile ya ukubwa wa kiberiti? Ile uliyotuonyesha wakati wa Krismasi. Nayo ilishikwa na tumbo?"

Nilitazama karatasi ya kampuni mapajani mwake. Nilimtazama Shangazi, ambaye alikuwa akiitazama hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nikisema uongo mmoja tu, mzuri, na ninao mwingi, mlima utakwenda.

"Ilikuwa ni mimi," nikasema. "Hakuna aliyeingia. Kile kifaa nilikichomeka nyuma ya skrini, kikaandika yale maneno saa nane na kuyafuta chenyewe baada ya dakika nne. Pampu sikuzigusa, nisingethubutu. Nilipokaa kwenye kibodi nilikuwa naandika orodha ya wafalme wa Uingereza."

Moto ulipasua kuni. Babu aliniuliza kwa nini, na jibu nililokuwa nalo lilikuwa dogo kuliko nilivyotarajia. Nilisema nilikuwa nimefanya kazi siku nne, kazi nzuri kweli, na ulinzi ukiwa mzuri hakuna kinachotokea, na kisipotokea kitu hakuna anayeona, wanakuandikia mayai na siagi chini yake.

Shangazi alichukua taarifa mkononi mwangu, akaigeuza upande wa pili. Akamwonyesha Babu sehemu ambayo mimi sikuwa nimesoma, ya waliobisha kutoka nje. Tangu Alhamisi walikuwa mia tatu na arobaini na moja. Hawa ndio wezi wenyewe, alisema, na hawakulala. Hakuna hata mmoja aliyepita. Aliyepita ni mmoja tu, aliyepewa ufunguo, na huyo naye tumemkamata kabla ya chai ya saa nne.

"Tumemkamata?" alisema Babu. "Nani amemkamata?"

"Mimi, Baba. Na ukuta wako."

Babu alimtazama binti yake kama mtu anayeusoma mwaka mpya ukutani. Kisha akamuuliza kama anaweza kuisoma taarifa hiyo kila jioni, bila Profesa. Shangazi alisema ndiyo, na sauti yake haikutetereka hata kidogo. Babu akaichukua karatasi ya kampuni, akaigeuza, akaandika nyuma yake: unga, mafuta ya kukaangia, achali mitungi minane. Mtu wa kampuni alipofika saa tano alipewa donati mbili na baridi ya mlangoni.

Halafu Babu akanipa penseli.

Aliniagiza niandike, na kwa mwandiko unaosomeka. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miaka kumi na sita na haikuwa kama nilivyoiwaza. Niliandika chini ya mstari wa jumla: Machi 24. Vifaa 17. Waliobisha 341, waliopita hakuna. Mlinzi: Verna. Hapo juu ya jina la Shangazi nilibonyeza sana mpaka penseli ikakaribia kuvunjika, kwa sababu jina hilo lilistahili kukaa. Kisha, kwa kuamriwa: Mdukuzi mmoja amekamatwa, Tirzah Gilfillan. Nakiri, ingawa nilikuwa naona aibu, nilirudi nyuma hatua mbili nikaona jina langu lipo, katikati ya galoni na ng'ombe na mbwa Duchess, na kifua kikajaa.

Babu hakuichukua penseli niliyomnyooshea. Alinyoosha fimbo juu ya tangi la utomvu, kwenye ile barua iliyobandikwa.

"Umebakiza mstari mmoja," akasema. "Wale kindi."

Nikageuka ukutani. Nikaandika: Na barua ya kindi, ni mimi.